Jinsi ya kuomba kupimiwa metali nzito kwenye magome ya miti na udongo, Nzega

Kama unaishi jirani na mialo ya dhahabu (sehemu za kuoshea dhahabu kwa zebaki) na unataka kujua zebaki hiyo imefika wapi, sampuli zinapokelewa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ila anza na ruhusa.

Kwenye shamba lako huhitaji kumwomba mtu. Ardhi ya kijiji, mwone mtendaji. Msitu wa hifadhi, nenda TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) wilayani. Mwanafunzi ndiye mwenye safari ndefu: barua ya chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, kata, kijiji. Toa nakala za kutosha mapema, kila meza hubaki na yake.

Barua kwa Mkemia Mkuu isiishie kwenye "metali nzito", maana kila metali ina kipimo chake. Andika hivi: "Naomba kupimiwa zebaki, risasi na aseniki katika sampuli 6 za udongo na 6 za magome, majibu yawe miligramu kwa kilo ya sampuli kavu." Uliza pia wanataka gramu ngapi na chombo gani, kabla hujagusa mti.

Gome hunasa vumbi la hewani, udongo hukusanya kilichoanguka pamoja na kilichomo kwenye mwamba, kwa hiyo chukua vyote mahali pamoja. Kwangua gome kavu la nje tu, usawa wa kifua, kwa kisu kisicho na kutu. Usizungushe shina zima: warina asali wa Sikonge wanajua mti wa mtundu uliovuliwa gome la kutengenezea mzinga hauponi. Udongo chota kina cha sentimita 0 hadi 20, sehemu 5 kuzunguka shina, changanya kwenye ndoo ya plastiki. Rudia kwenye mti wa aina ileile mbali na mwalo. Bila huo huna cha kulinganisha. Sampuli za zebaki usizianike juani, zebaki hupaa hewani. Ziweke kwenye kasha la barafu, kila mfuko na namba, tarehe na mahali.

Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu (control number), benki au simu. Usimpe mtu fedha mkononi.

Majibu ya udongo yalinganishe na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Udongo za 2007. Ya gome yalinganishe na ule mti wa mbali.