Jinsi ya kufanya mazoezi ya nomino za Kiingereza ukiwa unasoma sheria

Kama unasoma sheria kwa Kiingereza na kila wiki unakariri orodha ndefu ya maneno, alafu ukikaa kuandika yanakupiga chenga, shida sio kichwa chako, ni vile unavyokariri. Nomino za kisheria zinashikwa jozi jozi, kwasababu herufi moja tu ikiongezeka mwishoni maana inahama kabisa.

Anza na "damage" na "damages". Ya kwanza ni uharibifu wenyewe na haihesabiki. Ya pili ina s lakini sio wingi wa uharibifu, ni pesa ya fidia ambayo mahakama inaamuru mtu alipwe. Kwahiyo ukiandika kwamba gari la mteja lilipata "damages", umelipa gari fidia, na mwalimu atakata maksi kihalali kabisa. Jozi zingine za hivi ni "custom" ambayo ni mila na "customs" ambayo ni forodha, au "premise" ambayo ni hoja unayoanzia na "premises" ambayo ni jengo na eneo lake. Fungua ukurasa mmoja wa daftari uwe wa jozi hizi tu, na kila neno litungie sentensi kutoka kwenye kesi uliyoibuni mwenyewe, usinakili ya kwenye kamusi maana ukinakili mkono unaandika na akili imelala.

Alafu kuna zile zisizo na wingi, na hapa Kiswahili kinakusaidia nusu kinakuangusha nusu. "Evidence" ni rahisi maana hata sisi ushahidi haugeuki, uwe kidogo au mwingi ni ushahidi tu, ukisema mashahidi ushahamia kwa watu. Ila kwa "legislation" tunateleza, kwasababu tumezoea kusema sheria hizi, sheria zile, basi mtu anaandika "legislations" bila kushtuka. Ukitaka kuhesabu weka "piece of" mbele, mfano "two pieces of legislation". Na kitenzi kikae umoja, "the evidence was", sio "were".

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote, majina ya wahusika. Wanafunzi wanahangaika sana na "employer" na "employee", "lessor" na "lessee", "assignor" na "assignee" (anayehamisha haki na anayehamishiwa), wakati sisi mfumo huo tunao toka utotoni. Mwajiri na mwajiriwa. Mdai na mdaiwa. Ile -wa yetu ya kutendwa ndo kazi ambayo -ee inafanya, na hata asili yake ni hiyohiyo, ilitoka kwenye umbo la kutendwa la Kifaransa, lugha iliyoingia mahakamani Uingereza baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066. Kwahiyo ukikutana na neno jipya lenye -ee jiulize kwanza, nani amefanyiwa au amepewa kitu hapa? "Lessee" amepewa pango, basi ni mpangaji. Ila kaa chonjo na "mortgagor", wengi wanadhani ni benki kwasababu benki ndo inatoa mkopo. Neno haliangalii mkopo, linaangalia rehani, na anayetoa rehani ni mkopaji, kwahiyo mkopaji ndo "mortgagor" na benki ni "mortgagee". Hii ichore kabisa, mshale kutoka kwa anayetoa kwenda kwa anayepokea, na juu ya mshale andika kinachotolewa ni nini, ukifanya hivo mara tano haitakutoka tena.

Kifaransa hichohicho ndo kimeacha majina ambayo sifa inakaa nyuma ya nomino kama kwetu, mwanasheria mkuu, "attorney general". Wingi unawekwa kwenye nomino, "attorneys general". Zipo chache, "notaries public" (wanaothibitisha hati) na "courts martial" (mahakama za kijeshi), zisome siku moja yaishe.

Zoezi la kila siku ni hili. Chukua aya moja tu ya hukumu halisi, pigia mstari kila nomino iliyotokana na kitenzi, alafu zirudishe kwenye vitenzi vyake pembeni. "Acquittal" (kuachiwa huru) inarudi "acquit", "trial" inarudi "try", "bequest" (mali unayoachiwa kwenye wosia) inarudi "bequeath", na utaona hakuna kanuni moja ya kuzibeba zote, ndo maana lazima uzikute ndani ya sentensi. Kesho yake funika hukumu, bakia na vitenzi vyako, andika aya upya ukizirudisha nomino, alafu linganisha na ya jaji. Pale ulipokosea ndo panaingia kwenye daftari, sio maneno yote. Dakika ishirini zinatosha.

Na usome kwa sauti tafadhali, kwasababu "convict" ukikaza mwanzo ni mtu aliyetiwa hatiani, ukikaza mwisho ni kitendo cha kumtia hatiani, na daftari halitakwambia hilo. Jirekodi kwenye simu ukisoma aya yako, sikiliza, rudia pale ambapo mkazo umekaa vibaya.