Kukatia bima motahomu ya bei mbaya

Usikimbilie bima ya gari ya kawaida, motahomu ni gari na nyumba humohumo, tafuta broka (wakala wa bima) anayezijua. Kwanza muulize, watu wa bima wakilipa wanalipa thamani ipi, ile mliyokubaliana kwenye mkataba au bei ya soko siku ya ajali? Hapo ndo watu wanalizwa, umefunga sola, betri za lithiamu, jiko la maana, gari likiungua unalipwa kama vile havikuwepo. Kwahiyo leta mthamini, piga picha kila kitu na risiti usitupe. Kama unaishi humo mwaka mzima sema tu, wakija kugundua wenyewe wanaweza kugoma kulipa. Ah na likizima njiani, gari lao la kuvuta linamudu uzito huo kweli? Trakka nayo funga, kile kifaa cha kuonyesha gari liko wapi, wengine bila hiyo hawakukatii.