Postnomu inakaa wapi kwenye fomu I-130?

Sisi wa Bukavu, Kongo, tuna nomu (jina la ukoo), postnomu (jina linalofuata nomu) na prenomu (jina la kupewa), ila fomu I-130 ya kumwombea mume au mke uhamiaji wa Marekani haina nafasi ya postnomu. Msibahatishe jamani! Fungueni ukurasa wa picha wa paspoti, muangalie mistari miwili ya chini kabisa. Katika ule wa kwanza, baada ya COD (msimbo wa Kongo), yaliyo kabla ya alama << ni majina ya ukoo. Yanayofuata ni ya kupewa. Andikeni hivyo hivyo kila mahali, maana viza hufuata paspoti. Cheti cha ndoa kikitofautiana, jazeni pia sehemu ya majina mengine. Mstari huo una nafasi 39 tu za majina, majina marefu hukatwa: hapo nakilini majina kamili yaliyoandikwa juu yake kwenye ukurasa huo huo. Paspoti yenye kosa irekebishwe kwanza.