Unaanza TMS ya sonona? Soma hii kabla hujaenda

Mama alivyoniuliza kwenye simu "mwanangu, ndo wanakupiga shoti za kichwa?" nilicheka, ila ukweli hata mimi daktari aliponitajia hiyo kitu mara ya kwanza nilidhani ni yale ya kwenye muvi, unafungwa mikanda kitandani alafu unang'ata kitambaa. Hapana jamani. TMS ni sumaku inayowekwa juu ya kichwa, mipigo yake inaamsha ubongo. Unakaa kwenye kiti kama cha daktari wa meno, uko macho, hamna nusu kaputi, ukimaliza unachukua funguo zako unaendesha gari kazini. Ile ya umeme ambayo wanakulaza kwanza inaitwa ECT, nayo ni tiba halali na inaokoa watu waliozidiwa kweli, ila ni kitu kingine kabisa.

Mimi nipo Marekani kwaiyo naeleza utaratibu wa huku, ambako FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, waliiruhusu kwa sonona tangu 2008. Na huku kabla ya sumaku kuna bima. Bima wanataka waone umeshatumia dawa, mara nyingi aina mbili au zaidi, kwa dozi ya maana na muda wa kutosha, na hazijakusaidia. Kaa chini uandike kila dawa uliyowahi kumeza, miligramu ngapi, ulianza lini, uliacha lini na kwa nini. Ombi langu mimi lilirudishwa sababu dawa moja haikuwa na tarehe, wiki 3 zikapotea hivihivi na mimi sitoki kitandani. Alafu uliza kopei, yaani ile hela unayochangia mwenyewe, ni ya kila siku au ya tiba nzima, maana dola 40 inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa vikao vyote 36, ni dola 1,440 hiyo.

Watakuuliza kama una chuma kichwani, usijibu harakaharaka. Klipu za kwenye mishipa ya ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio, vipande vya risasi, vyote vitaje, na kama una kifaa cha moyo sema pia. Meno ya kuziba hayana shida. Sema kama ulishawahi kuanguka kifafa, na hapa naomba usione aibu kuhusu pombe, kwa sababu pombe na kukesha vinaongeza uwezekano wa degedege. Ni nadra sana, chini ya mtu 1 kati ya 1,000, ila kama jana ulikunywa sana au umetoka shifti ya usiku hujalala waambie kabla hujakaa kwenye kiti, wataamua wao. Dawa mpya pia, au ukiacha ya zamani, waambie siku hiyohiyo.

Sasa dada zangu, nywele! Hakuna aliyeniambia. Nguvu ya sumaku inapungua haraka sana ikikaa mbali na ngozi ya kichwa, na mimi nilienda na rasta nene nimezifunga juu kama kilemba, fundi wa mashine akawa anazungusha koili, ndo ile sumaku yenyewe, wee haikai, ikabidi nifumue upande wa kushoto wote palepale huku namuomba Mungu watu wa mapokezi wasinione. Suka twende kilioni nyembamba, bila rasta, au nywele zako tu, wigi unavua. Na mtindo utakaoanza nao ujitahidi umalize nao, maana nguvu wanakupimia hivyo ulivyo, ukibadilisha wakupimie upya. Pini, hereni, simu na kadi za benki vinabaki pembeni.

Siku ya kwanza ni ndefu kwa sababu ya hicho kipimo. Wanaweka koili juu ya kichwa kushoto, wanapiga mpigo mmoja mmoja huku wanaangalia mkono wako wa kulia umelala kwenye mto. Ghafla kidole gumba kinaruka chenyewe. Wewe hujakiambia kitu, kimeruka tu! Nikakaa nakitazama kama sio changu. Wakishajua nguvu inayokirusha, kwa kawaida wanakuwekea asilimia 120 ya hiyo, wanasogeza koili mbele kidogo kuelekea paji la uso, sehemu ya ubongo ambayo kwa mwenye sonona mara nyingi imezubaa.

Inavyouma? Unakumbuka konzi za mwalimu wa hesabu? Basi ni konzi ndogondogo, za haraka, sehemu moja. Kwenye ratiba ya zamani ni konzi 40 ndani ya sekunde 4, unapumzika sekunde 26, tena, tena, mpaka zifike 3,000 kwa dakika 37 na nusu. Siku hizi kuna ya dakika kama 3 tu iliyoruhusiwa 2018, uliza kama wanayo. Jicho linachezacheza, meno yanagongana, na mlio ni kigong'ota kwenye bati, kwaiyo vizibo vya masikio ni lazima. Siku 3 za kwanza ndo mbaya. Waombe waanze na nguvu ndogo wapandishe taratibu, au wageuze koili kidogo, usikae unavumilia kishujaa. Kichwa kikiuma baadae Panadol inatosha, huku inaitwa Tylenol. Na ukiwa kwenye kiti usilale na usigeuze kichwa.

Kinachochosha hasa ni kwenda. Siku 5 kwa wiki, wiki 6, alafu vikao 6 vya mwisho vinatawanywa kwa wiki 3. Ongea na bosi mapema, chagua muda uleule wa kila siku na usiuhamishe.

Na usitegemee muujiza wiki ya pili. Mimi wiki ya pili nilikuwa nalia kwenye gari nasema nimeliwa hela. Kwangu ilikuja kwenye kikao cha 19 au 20, na sio furaha, nilijikuta tu nimeosha vyombo vya siku tatu bila kubishana na nafsi yangu, na dada yangu kwenye simu akasema "leo umenikatiza maneno, umerudi." Kwa kifupi karibu nusu ya watu wanapata nafuu kubwa na kama theluthi dalili zinaisha kabisa, kwaiyo wapo wasiopata na sio kosa lao. Ila ukiona unalala masaa mawili tu na huchoki, unaongea kama redio, waambie, hiyo sio nafuu. Na mawazo ya kujiua yakizidi usisubiri kikao cha kesho, piga au tuma meseji 988, namba ya msaada ya huku Marekani, saa 24.

Dawa usiache mwenyewe kisa unajisikia vizuri. Hali inaweza kurudi baada ya miezi, na tiba inaweza kurudiwa, lakini bima watataka kuona ilikusaidia kiasi gani mara ya kwanza. Ile fomu ya maswali 9 ya dalili za sonona unayojaza kila wiki ndo ushahidi wako, alama zangu zilishuka kutoka 21 zikaja 8. Siku ya mwisho, kabla hujatoka mlangoni, omba nakala zake zote pamoja na namba za kipimo chako.