Jinsi ya kuandaa tamthilia kwa shindano la chuo kikuu

Chuo kikitangaza shindano la tamthilia mpya, watunzi wa hapa Dodoma huniletea miswada niipitie. Visa vizuri havikosekani. Kinachokosekana ni jukwaa: unasoma kurasa kumi na hujui mhusika amesimama wapi wala ameshika nini. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kazi yake ichezwe.

Hatua ya 1: Soma tangazo, kalamu mkononi

"Mpya" kwa kawaida ni tamthilia ambayo haijachapishwa wala kuoneshwa kwa watazamaji. Ukiwa na shaka, waulize waandaaji kabla ya kutuma. Andika pembeni tarehe ya mwisho, lugha, urefu na idadi ya waigizaji. Kama majaji wanasoma bila kumjua mtunzi, ondoa jina lako kila ukurasa, hata kwenye taarifa za faili, maana kompyuta huliweka humo yenyewe.

Hatua ya 2: Tafuta jambo lisiloweza kusubiri

Usianze na mada. Rushwa ni mada, mimba za utotoni ni mada. Kwenye igizo la uhamasishaji zinatosha, lakini kwenye shindano huzaa hotuba, na jaji aliyekwisha kusoma hotuba tano hana hamu ya kusikia ya sita. Anza na watu wawili wanaotaka mambo yasiyopatana, kisha wabane kwa muda.

Dodoma tuna zabibu. Huvunwa misimu miwili kwa mwaka, na zikishakatwa haziendelei kuiva. Kinachofuata ni kuharibika tu. Weka kreti uani Hombolo. Mnunuzi hajafika, jua linapanda. Mjomba ameahidi kumsubiri. Mpwa wake, Neema, anataka zipelekwe soko la Majengo leo hii, hata kwa hasara. Tamthilia imeshaanza, na hakuna aliyetamka neno "uchumi".

Hatua ya 3: Punguza mahali na watu

Miswada mingi ni filamu iliyojificha: maonyesho ishirini na kitu, bodaboda, wodi ya hospitali, ndoto ya babu. Chuo huwa na wanafunzi, taa za kuhesabu na bajeti nyembamba. Ua mmoja na waigizaji wanne hadi sita vinatosha kabisa. Mhusika wa kutokea mara moja, mpe mwigizaji ambaye tayari ana nafasi nyingine, na uhakikishe hawakutani jukwaani.

Ukitaka ngoma, eleza inafanya kazi gani. "Wanacheza ngoma ya asili" haimsaidii mwongozaji. Muheme ya Wagogo, kwa mfano, ngoma zake hupigwa na wanawake. Ukiiweka, umeamua nani awe jukwaani na nani ana sauti kubwa wakati huo. Itumie hapo ambapo Neema hawezi tena kubishana kwa maneno. Kuiweka ili kupamba tu ni afadhali uiache.

Hatua ya 4: Ondoa maelezo kwenye midomo ya wahusika

Hivi ndivyo wengi wanavyoandika:

NEEMA: Mjomba, kama ujuavyo, tangu mama yangu, yaani dada yako, afariki mwaka jana, tumekuwa tukilima shamba hili kwa shida.

Mjomba anajua. Anayehitaji kujua ni mtazamaji, naye mpe kitu cha kuona:

MJOMBA: Amesema yuko njiani.
NEEMA: Njia gani hiyo, tangu alfajiri?
*(Mjomba analowesha khanga, anafunika kreti.)*
NEEMA: Hiyo ni ya mama.
MJOMBA: Ndiyo iliyokuwa karibu.

Msiba umo, ugomvi umo, na mwigizaji amepata kazi ya mikono. Pitia mswada wote, ukate kila "kama ujuavyo".

Hatua ya 5: Waite watu wasome kwa sauti

Wasome wengine. Wewe kaa kimya, usieleze chochote, weka alama wanapojikwaa na wanapoanza kuchungulia simu. Pima muda kwa saa, usikisie kwa kurasa.

Hatua ya 6: Usafi

Majina ya wahusika kwa herufi kubwa, maelekezo ya jukwaani kwa mlazo ndani ya mabano, namba za kurasa, orodha ya wahusika na umri wao. Tuma PDF siku moja au mbili kabla, maana usiku wa mwisho mtandao huwa mzito.

Hatua ya 7: Haki zako

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki ni yako tangu unapoandika. Kusajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, si sharti la kuwa nayo, ila husaidia ukizuka ubishi. Kwenye masharti ya shindano tafuta kama chuo kinaomba ruhusa ya onyesho la kwanza, jambo la kawaida, au kinachukua haki zote. Ukikuta hilo la pili, andika kuuliza kabla ya kusaini. Na ukishinda, omba kuhudhuria mazoezi na iandikwe kwamba mistari haibadilishwi bila wewe kuafiki. Mwongozaji lazima atataka kukata kitu, mara nyingi ukurasa ule unaoupenda kuliko yote.