Kutoa patani (kiolezo cha kukatia bati) ya ndoo kutoka kwenye mchoro

Kosa linaloharibu bati nyingi pale Kibuye, Kisumu, ni kupima kimo cha wima na kukitumia kama urefu wa ubavu. Tuseme mchoro unaonyesha kipenyo cha juu milimita 300, cha chini 200, kimo 300. Ubavu wenyewe ni 304, kwa sababu umeinama.

Kwenye kadibodi ngumu, toka kituo kimoja, chora tao la nusu kipenyo 912 (304 × 300 ÷ 100, yaani ubavu mara kipenyo cha juu, gawa kwa tofauti ya vipenyo) na jingine la 608 (912 − 304). Juu ya tao la nje pima 942, yaani mzingo wa mdomo (300 × 3.14), kwa tepu ya kupinda ifuate tao, si rula iliyonyooka. Unganisha ncha zake na kituo.

Sasa nyongeza, yaani bati la ziada la kukunjia. Mshono wa kukunja wa milimita 6 unataka 18 kwa jumla: 9 kila upande. Waya wa mdomo wa milimita 4, unaoviringishiwa bati, unataka 10 kwenye tao la nje. Kata pembe kabla ya kukunja, la sivyo mabati yatarundikana na nyundo haitayalaza.

Kunja kadibodi kwanza. Ikikaa sawa, andika geji (unene wa bati) na "juu" kwenye patani, kisha ndipo uguse bati.