Septiki, yaani tangi la majitaka ya choo, imejaa? Ita gari, lakini ujue mzigo unaishia wapi

Malandlodi wengi wa Kampala wakiona gari la kunyonya limetoka getini wanajua kazi imeisha, kumbe ndo kwanza inaanza.

Usingoje maji yarudi chooni. Fungua chemba upime na mti mrefu, tope la chini na ukoko wa juu vikila kama thuluthi ya tangi ita gari, kwa nyumba nyingi ni kila miaka 3 hadi 5. Kama uko Kisenyi ama Katwe na gari haliingii kichochoroni, kuna vijana wa galpa, ile pampu ya mkono inavuta tope mpaka kwenye mapipa, afu pikapu inayabeba. Mtu akikwambia atashuka shimoni na ndoo mkatalie kabisa!! Gesi ya mle inaangusha mtu hata hajapiga kelele. Sigara pia weka mbali.

Kinachosumbua zaidi ni takataka. Pampasi, pedi, chupa, matambara, vyote vinaziba mpira wa kunyonyea na vijana wanakaa hapo na kulabu wakivua kimoja kimoja, na huko mbele lazima zichujwe tena. Weka ndoo yenye mfuniko chooni uongee na wapangaji, wakisumbua mhusishe mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa.

Halafu muulize dereva anamwaga wapi. Jibu zuri ni Lubigi, mtambo wa NWSC, shirika la maji na majitaka la Uganda, uliofunguliwa 2014, ama Bugolobi. Akikupa bei ya chini ajabu, shtuka. Na nyie mnaofungulia choo kwenye mtaro mvua ikinyesha, mfereji wa Nakivubo unaingia ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na Ggaba maji ya bomba yanavutwa ghuba hiyohiyo, sasa mnamkomoa nani?

Pale Lubigi mzigo unapita kwenye chujio la vyuma, unatulia kwenye matangi, tope linazama na maji yanaenda mabwawani bakteria wayafanyie kazi. Tope linamwagwa kwenye vitanda vya mchanga na kokoto likauke, vina paa maana mvua zetu unazijua.

Shule ama hospitali ya mbali inaweza kujenga vitanda vyake, ila mwaga kina cha sentimita 20 hadi 30 tu, ukizidisha juu panakauka na chini panabaki uji. Tope kukauka siyo kusema limekuwa salama, mayai ya minyoo ni sugu kweli. Lihifadhi pakavu zaidi ya mwaka, ama lichanganye na maganda ya matoke na majani lioze kwa joto la juu ya digrii 50 kwa wiki nzima au zaidi, ugeuze ili na ya pembeni yapate moto. Hapo peleka kwenye miti au kahawa, nyanya na karoti achana nazo. Wengine wanalichoma liwe mkaa, wanaponda na kubumba briketi, na hapana, chakula kilichopikwa nazo hakinuki.